Tawi kwa Aliye Mbali

Nina tabia ya kufagia kizingiti changu asubuhi kabla ya kufanya jambo lingine lolote, na sipendi mtu anichezee kizingiti. Ndiyo maana nilikasirika nilipoanza kukuta tawi bichi la mwavoka, mparachichi wangu wa uani, limelazwa mlangoni, mara asubuhi, mara mchana nikitoka sokoni. Nililitupa, na kesho yake lingine likawa pale pale. Siku moja nikatoka hadi barabarani nikasema kwa sauti, mtaa mzima wa Katuba usikie, kwamba nitakayemkamata anavunjavunja mti wangu atanitambua. Watoto wa jirani wakacheka. Wamenizoea, nilikuwa mwalimu wao, na kabla yao nilikuwa mwalimu wa mama zao.

Kumbe aliyekuwa akivunja alikuwa analala ndani ya nyumba yangu.

Alikuwa msichana wa Batwa, kutoka kwenye miombo ya kaskazini, safari ya lori inayoacha mgongo ukiuma. Watu wake waliishi katika pori hilo kabla ya babu zetu kufika, na kabla mtu yeyote hajaliita mbuga na kuwakataza kuingia. Masista walimsomesha katika shule ya bweni hadi akapata diploma yake ya sekondari, na sasa shirika moja la hapa mjini lilikuwa likitafuta vijana kama yeye ili kuwaingiza katika kazi za kuhifadhi mazingira: ulinzi wa mbuga, vitalu vya miti, kuongoza watafiti. Katika mikutano yao waliwaita "jamii asilia". Mimi nilitakiwa kumnyoosha Kifaransa, kumfundisha jinsi ya kukaa mbele ya jury, wale wanaowahoji waombaji kazi, na kumpa mahali pa kulala.

Nilikataa. Nilikuwa nimestaafu, mjane, na nilikuwa nimeshiba watoto wa wenzangu. Bwana wa shirika akasema, "Siku mbili tu, mama mwalimu," akamwacha getini na kabegi kake. Hapa Lubumbashi tunazijua siku mbili za namna hiyo. Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nikampa jembe kweli, akanilimia bustani ya lengalenga, mchicha wetu, na nikaona sina tena sababu ya kumrudisha.

Jioni ile niliyopiga kelele barabarani, alinifuata jikoni.

"Mama, ni miye naiwekaka. Ili ukirudia, ujue niko upande gani."

Nikaenda kutazama. Kweli, ncha ya tawi ilikuwa imeelekea kule alikokuwa amekwenda kununua makaa.

"Mwanangu, si uko na simu?"

"Simu inazimaka, mama. Tawi haizimake."

Nilitaka kuendelea kumgombeza lakini mimi ni mwalimu. Jibu zuri nalipa alama hata likitoka kwa mkaidi. Nikamwambia akae, anieleze.

Kambi yao huhama. Huhama asali ikiisha upande mmoja, na huhama mtu akifa, maana hawalali tena mahali pale. Lakini siku zote kuna mmoja wao ambaye hayupo, amekwenda mbali kutafuta kitu au kuolewa au kusoma. Kwa ajili yake, wa mwisho kuondoka huvunja tawi, akalilaza penye mafiga ya familia yake, ncha imeelekea walikokwenda. Njia ikigawanyika wanalaza lingine. Miaka yote ya bweni, kila likizo, alifika kwao kwa kufuata matawi hayo. Mama yake ndiye aliyeyalaza, na kila walipoagana alimwambia maneno yale yale: tawi yako itakuwa pale.

"Na kama hakuna tawi?" nilimuuliza. "Mtu hawezi kufuata nyayo tu?"

Alinicheka, kwa heshima lakini alinicheka.

"Kufuata anaweza. Hata mutoto mudogo anaweza. Lakini muntu mwenye hakuachiwe tawi, haendake. Ni aibu."

Basi nikaacha kutupa matawi. Baada ya muda nikaanza mwenyewe: nikienda misa, naweka tawi limeelekea parokia. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama mwema wa kwaya, alipoyaona hayo alikwenda kumuuliza padri kama nimeingia katika maombi ya ajabu. Padri alinisimulia mwenyewe, akicheka.

Huyo jirani ndiye aliyekuja siku nyingine kuniamkia, na msichana akaleta chai. Jirani akakishika kikombe, akakizungusha, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule naye anakunywea humo humo. Huko kaskazini wapo watu wasioshiriki kikombe wala benchi na Mtwa, na desturi hiyo ilipanda treni pamoja na wazee wetu ikashuka nao hapa mjini. Baba yangu alifanya kazi ya reli maisha yake yote. Najua ni mizigo gani ilisafiri. Nikamjibu kwamba vikombe vyangu vyote ni vya msichana huyu, na mwenye kiu nyingine kwake si mbali. Hakunywa. Msichana alikuwa amesimama mlangoni na sinia, amesikia yote.

"Nimezoea, mama," aliniambia baadaye.

Nikamwambia asizoee. Ni rahisi kusema.

Tulifanya kazi kweli kweli. Asubuhi alikwenda kukimbia huko Annexe, pembezoni mwa mji, kati ya mashamba ya mihogo, kwa sababu mlinzi wa mbuga lazima awe na pumzi. Mchana alikaa mezani kwangu na vitenzi vya Kifaransa. Nilikuwa mkali. Alipokosea nilimfanya arudie, na aliponuna nilimwiga mpaka akacheka. Nilimwandalia jibu moja refu kuhusu viumbe na urithi wa vizazi vijavyo, jibu ambalo nusu yake mimi mwenyewe sikulielewa vizuri, akalikariri lote. Kisha alipofika mbele ya jury na kuulizwa kwa nini anataka kazi ile, akaliacha jibu langu mlangoni.

"Ulisema nini?" nilimuuliza aliporudi.

"Nilibaambia: mama yangu anaingiaka mu pori yetu sawa mwivi. Miye nataka aingie muchana, na mulinzi wa kumusalimia akuwe mutoto wake."

Nilijua kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu alipofika getini kwangu na kabegi kake: si mshahara, wala si mji. Alitaka kumfungulia mama yake mlango.

Walimchukua. Siku hiyo nilipika bukari, ugali wetu, na kuku, nikaalika mtaa. Jirani wa kwaya alikuja na soda yake mwenyewe, ndani ya chupa yake mwenyewe, lakini alikuja, akacheza. Mwanangu wa kiume, anayefanya kazi ya forodha Kasumbalesa, alipiga simu kumpongeza, wakaitana dada na kaka. Nilimpigia pasi sare ya kijani kibichi hadi mikunjo ikasimama, na alipoivaa alizunguka uani polepole, akijitazama mikono, kwa sababu nyumba yangu haina kioo cha kumtosha mtu mzima. Asubuhi ya kuondoka niliamka nikakuta ameshalaza tawi, kubwa kuliko yote aliyowahi kuvunja, karibu aumalize mti, ncha imeelekea stesheni ya malori. Sikulifagia. Lilikaa mpaka majani yakakauka na kuondoka yenyewe.

Alikuwa akinipigia simu Jumapili. Sauti yake ilikuwa nzuri, na Kifaransa chake kilizidi changu, jambo ambalo nilimkataza kunikumbusha. Ndipo Jumapili moja akaniambia kwamba wakubwa wamempa kazi ya pekee. Mipaka ya ndani ya mbuga ilikuwa inachorwa upya. Kutakuwa na sehemu iliyofungwa kabisa, na sehemu ambamo watu wa kambi wataruhusiwa kuingia kwa asali, uyoga, viwavi, na kuzuru makaburi yao. Ili kujua wawaachie wapi, wakubwa walitaka kujua watu wanapita wapi. Yeye, kwa kuwa ni mtoto wao, atembee na kile kifaa cha kupimia mahali, aandike kila mti wa asali, kila kisima, kila kaburi, na jina lake.

"Mama, unaona? Mulango," aliniambia.

Kitu ambacho mtu wa mji hawezi kukijua ni hiki: watu wake hawasemi njia zao. Mti wa asali ni wa ukoo, na baba humpa mtoto wake kama sisi tunavyorithisha nyumba. Hata mkwe haonyeshwi mpaka awe na mtoto nao. Kumpa mgeni ramani ya mambo hayo ni jambo ambalo halikuwahi kufanyika. Wazee walimkatalia. Alikaa kambini akiwabembeleza, na aliyesimama upande wake ni mama yake. Mama aliwaambia wazee kwamba anayeuliza si serikali, ni mtoto wetu. Kisha akachukua fimbo akatangulia. Alimwonyesha yote.

"Alitembea mbele yangu, mama," aliniambia kwa simu. "Alinionyesha hata kaburi ya baba. Sikukuwa naijua."

Nilifurahi naye. Nilitoa sadaka ya shukrani parokiani, na nilimwambia padri sababu.

Mstari wa mpaka mpya ulipotoka, sehemu zote zile ziliangukia ndani ya eneo lililofungwa. Kisima baada ya kisima, mti baada ya mti. Nilijitahidi kuelewa. Walisema kwamba penye asali pana maua, penye kisima pana wanyama, na kwa hiyo pale ambapo watu wake walipapenda ndipo penye thamani kubwa zaidi ya kulindwa. Sijui ni nani aliyegeuza neno, katika chumba gani, mbele ya chai gani. Labda hakuna aliyegeuza. Labda kila mmoja alisogeza kalamu kidogo tu.

Msimu wa asali ulipofika, walinzi wa kikosi kingine hawakuhitaji kutafuta. Walikwenda moja kwa moja kwenye miti. Waliwakuta watu juu, na moshi wao, wakawashusha, wakachukua mashoka na ndoo, wakachoma vibanda, wakawapakia wazee katika lori na kuwamwaga kando ya barabara nje ya mpaka. Mama yake alikamatwa chini ya mti ambao yeye mwenyewe alikuwa amemwonyesha mwanawe. Na mwanawe siku hiyo alikuwa amepangwa katika chumba cha redio, makao makuu, sare imepigwa pasi, akiwasikia wenzake wakitaja mahali walipofika, mti baada ya mti, kwa majina aliyoyaandika yeye.

Alinisimulia hayo kwa simu. Kesho yake nikapanda basi hadi mjini, kwenye ofisi ya shirika, na huko nikasema yote. Yule bwana wa siku mbili alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Nyuma yake ukutani kulikuwa na picha kubwa ya msichana wangu, amevaa sare, anacheka.

"Mama mwalimu, tunaumia sisi pia," alisema. "Lakini ramani ilitengenezwa na mutoto wao. Benyewe balionyesha. Tungefanya nini?"

Nilimwambia angeanza kwa kuishusha ile picha. Hakuishusha.

Msichana aliomba likizo ili aende kwao, na nikasema naenda naye. Mwanangu alinikataza kwa sababu ya magoti yangu. Nikamwambia magoti ni yangu. Tulibeba chumvi, sabuni, na kikwembe, yaani kitenge, cha buluu nilichomchagulia mama yake sokoni, chenye ndege wadogo. Njiani ndani ya lori alikuwa akikitoa kwenye begi, akakikunja upya, akakirudisha. Sare aliiacha. Aliniuliza kama mama yake atampiga, nami nikamwambia akimpiga ni vizuri, mzazi anayepiga hajachoka nawe.

Tulifika mahali walipomwagwa: vibanda vichache vya nyasi na maturubai, kando ya barabara, kwenye vumbi. Hapakuwa na mtu. Mama mmoja aliyekuwa akilima mihogo ng'ambo alituambia kwamba mzee mmoja amefariki, wakamzika, wakahama.

"Basi ni desturi tu," nikamwambia msichana. Nilisikia hata furaha kidogo. "Wamehama kwa sababu ya msiba. Tafuta tawi."

Alikuwa ameshaanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye mafiga ya mama yake, aliyajua kwa jinsi yalivyopangwa. Akainama. Akazunguka. Akaenda kwenye mafiga mengine, kisha mengine, kisha akarudi kwenye yale ya kwanza. Mimi pia nilitafuta, na magoti yangu, nikifunua nyasi za vibanda vya watu. Nilisema labda mbuzi wamelila. Hapakuwa na mbuzi. Nilisema labda upepo. Mahali pengine popote ningejidharau kwa kusema vile, lakini pale ningesema chochote.

Mwishowe akasimama pale ambapo miti inaanza, akitazama chini.

"Banapitia hapa," alisema.

Akanionyesha: unyasi uliolala, jivu lililodondoka kutoka kwenye kijinga walichobeba, alama ya kisigino kidogo cha mtoto kwenye mchanga. Halikuwa jambo la zamani. Mama yake alikuwa mahali fulani mbele yetu, labda mwendo wa siku moja, anakoka moto.

"Basi twende," nikasema. "Njia unaiona. Twende, mwanangu, mimi nitatembea."

Hakutikisika.

"Naiona, mama. Kufuata bantu benye habataki kuonekana, ile ndio kazi balinifundisha."

Kisha akafungua begi. Akaweka chumvi na sabuni katikati ya mafiga ya mama yake, akatandaza kikwembe juu, akakikunja kingo ili upepo usikichukue, ingawa wote wawili tulijua kwamba hawarudi mahali palipofiwa. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Nadhani huko kambini walisema neno linalofanana na hilo, kwa lugha yao, na mama yake alikuwepo akilisikia, na siku ya kuhama akawa wa mwisho kuondoka, akayatazama matawi bila kuvunja hata moja, akaondoka. Nimejaribu kumchukia mwanamke yule, siwezi. Alipewa aibu mbele ya watu wake na mtoto aliyemtetea.

Ndani ya lori nililia kabla yake. Yeye alilia karibu na kufika mjini, kimya, ameegemea begi tupu, na aliponyamaza aliniomba radhi kwa kunichosha. Nikamgombeza kwa hilo. Ndiyo njia pekee ninayoijua ya kumkumbatia mtu mbele za watu.

Aliirudisha sare. Sasa anafanya kazi katika kitalu cha miti huko Annexe, kwa mama mmoja anayeuza miche, na jioni anarudi kwangu, udongo kwenye kucha. Shirika bado linatafuta vijana. Yule bwana alikuja tena getini, akaniomba nimpokee kijana mwingine, mvulana safari hii, mwenye akili sana. Nilimuuliza kama kijana huyo ana mama. Aliona nimekasirika akasema atarudi siku nyingine.

Siku hizi msichana akitoka haachi kitu mlangoni. Mimi ndiye ninayeacha. Nikienda misa, nikienda sokoni, hata nikienda kwa jirani kuazima chungio. Nikirudi nalikuta tawi langu pale pale, na mara nyingine namkuta yeye amekaa kando yake, amelitazama tu.

Juzi tulikuwa uani tukichambua lengalenga. Mwanangu alikuwa amepiga simu tena kutoka Kasumbalesa, ananitaka nihamie kwake kwa sababu ya haya magoti, na safari hii sikumkatalia kwa nguvu kama kawaida. Msichana alisikia. Alichambua majani kwa muda bila kuniangalia.

"Mama, weye ukihama?"

"Nikihama, tawi lako litakuwa pale," nilimjibu.

Nilisema haraka, kama mtu anavyosema kitu kilicho kweli kabisa, na maneno yalikuwa yameshatoka nilipotambua ni ya mama yake. Yeye hakukasirika. Aliokota jani lililoanguka chini, akalipuliza vumbi, akaliweka kwenye beseni pamoja na mengine.

"Eh, mama," alisema kwa upole. "Ndio vile alisemaka."